Tungoje Baridi Iishe

Kilichoninyima usingizi msimu ule wa baridi ni swali moja: nikiikata chai ya mama, na isichipue?

Swali hilo lilizaa mengine. Ikichipua, nani atakuwepo kusawazisha machipukizi yake? Nikipigiwa simu ya kazi kutoka Nairobi wakati vishina viko uchi, niende au nibaki? Nilikuwa nimehitimu shahada ya takwimu, na nilichokijua vizuri kuliko vyote ni kuhesabu mambo yanayoweza kuharibika.

Chai yetu iko Gesima, kwenye mteremko unaoanza nyuma ya jiko na kuishia kijitoni. Baba alipokuwa hai aliipogoa kila baada ya miaka michache, akaishusha hadi chini ya kiuno ili mama, ambaye ni mfupi, achume bila kuinua mikono. Tangu tumzike, hakuna aliyeigusa kwa kisu. Niliporudi kutoka chuo ilikuwa imemfika mama kifuani. Mwaka uliofuata ikampita mabega, akawa anachuma kama mtu anayeanika nguo.

Aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa Julai, baridi yangu ya kwanza nyumbani baada ya chuo, na ukungu ulikuwa umekaa mteremkoni tangu asubuhi. Tulikuwa jikoni tukiota moto. Akauliza bila kunitazama:

"Na hii chai, tutaikata?"

"Tungoje baridi iishe, mama."

Akageuza ndizi iliyokuwa kwenye majivu. "Haya," akasema.

Nilidhani nimejibu kwa busara. Nani anashika kisu wakati vidole havikunjiki? Baridi ikaisha, jua likarudi, naye hakulitaja tena jambo lile. Nilishukuru kimoyomoyo.

Baridi ya pili iliponikuta bado nyumbani, nilijitafutia shughuli za kuipitisha. Nilianza kumfumia mama sweta kwa kufuata video kwenye simu. Mkono mmoja ukatoka mrefu, mwingine ukaishia kwenye kiwiko. Nikapanda uyoga kwenye mifuko ndani ya stoo. Kisha rafiki yangu wa chuo, mwenyeji wa Tabaka, akanipa bonge la jiwe la sabuni, lile laini la kuchongea vinyago, nikaanza kuchonga. Mikono ilikuwa na kazi, na mtu mwenye kazi haulizwi maswali. Kila nilipopita dirishani niliiona ile chai, nikarudi kwenye jiwe.

Jumamosi moja baada ya ibada ya Sabato alikuja mama mdogo, mke wa ndugu yake baba, ambaye boma lake limepakana na letu. Akaliokota jiwe pale dirishani.

"Hiki nacho ni nini?"

"Kiboko," nikasema.

"Kiboko asiye na masikio?"

"Yalikatika."

"Na alianza akiwa tembo," mama akadakia.

"Endelea tu, mwanangu. Mwisho utatupatia kokoto tutengeneze sakafu ya choo," mama mdogo akasema.

Tulicheka sote. Mama alicheka hadi akashika bega la kulia, akanyamaza. Ndipo nilipotazama vizuri: alitumia mkono wa kushoto kutumiminia chai. Wa kulia haukuweza tena kuinua birika. Nilikuwa nimeliona hilo kwa majuma kadhaa na kulipa majina mengi, uchovu, umri, baridi.

Mama alipotoka kwenda kufukuza mbuzi waliokuwa wameingia kwenye mboga, mama mdogo alinisogelea.

"Mawe tumecheka. Lakini ile chai ulikataa kwa nini?"

"Nilikataa lini?"

"Mwaka jana. Mama yako alikuuliza kama mtaikata, ukamwambia mngoje baridi iishe."

"Sasa hapo nimekataa wapi?"

Akanikazia macho kuona kama namchezea. "Wewe. Chai hukatwa lini?"

Nikageuka dirishani, nikaitazama ile chai.

"Hukatwa kwenye baridi, ikiwa imelala. Ukiikata wakati wa jua kali, kishina kinaungua. Hilo hata mtoto wa hapa analijua. Mama yako alituambia, msichana amesoma, ana mipango yake, sitamfunga kwenye majani."

Hata mtoto wa hapa. Isipokuwa mimi, niliyelala bweni kila muhula wa pili. Baba alikuwa akikata nikiwa shuleni, na niliporudi likizo ya Agosti nilichokuta ni kuni zilizopangwa ukutani. Nilizichoma kuni zile miaka yote bila kuuliza zilikatwa lini.

Mama aliporudi nilimuuliza mbona hakuniambia.

"Nikuambie nini?"

"Kwamba baridi ndiyo wakati wake."

Akamtazama mama mdogo, kisha mimi. "Nilijua unajua. Si umelelewa na hii chai?"

Nilifikiria kila kikapu alichojaza mwaka ule mzima akiwa ameinua mikono, akiamini binti yake amemkatalia kwa adabu. Neno moja tu la kuuliza lingetosha, lake au langu.

Ilikuwa Sabato, hakuna wa kushika kisu. Kichwa changu kikapata mchana mzima wa kujadiliana nami. Jua limeanza kuchungulia alasiri, huenda tumechelewa. Afadhali nimuulize afisa wa kilimo kwanza. Afadhali tungoje mwaka ujao, tujipange. Nilipofika kwenye hilo la kungoja nikaisikia sauti yangu ya mwaka uliopita pale jikoni, na nikamwambia mama kwamba kesho tunakata: nusu ya juu ya mteremko, ya chini tuiache, nitakuwa naichuma mimi.

"Na simu ya kazi?" akauliza.

"Ikija, itanikuta nikikata."

Jumapili asubuhi nilikitoa kisu cha baba kwenye paa la stoo, juu ya ile mifuko ya uyoga, nikakinoa. Mama alikuja nyuma yangu akiwa amevaa sweta la mikono isiyolingana. Ule mrefu ndio uliofunika bega bovu. Bega lenyewe halijapona hadi leo, na sidhani litapona.

Alisimama kwenye mche wa kwanza, akaweka kiganja juu kidogo ya goti.

"Baba yako alikuwa akianzia hapa."

Niliinama, nikakata. Tawi likaangukia upande wangu. Mama akaliokota kwa mkono wa kushoto, akalilaza juu ya kishina ili jua lisikiunguze, akasogea kwenye mche wa pili na kunionyesha tena kimo kwa kiganja. Ukungu ulipoinuka tulikuwa tumemaliza mstari mzima, na simu yangu nilikuwa nimeiacha ndani.