Zimwi la Mtaani Kwetu

Nshajua kwa nini nnashindwa kila siku, na si kwa sababu sijui kucheza.

Ule mchezo wa simu, mwindaji mmoja anatukimbiza wanne, wanasema unapanga watu wa kiwango kimoja.
Kiwango gani? Ukishinda mara mbili, ya tatu unaletewa zimwi!

Zimwi langu wiki nzima ni lile lile. Limejiita "Sina Haraka".
Wenzangu haliwatafuti. Linakuja moja kwa moja nyuma ya pipa, nilipojificha mimi.

Nikaapa kwamba mchezo wenyewe unanichongea.

Leo alasiri likasahau kuzima maiki.
Nikasikia kwenye earfoni honi ya baiskeli, na mtu ananadi mikate: "Boflo! Boflo moto!"

Dakika haijapita, honi ile ile ikalia chini ya dirisha langu. Jang'ombe hii hii!

Nikatoa kichwa. Muuza mikate alikuwa anatokea nyumba ya pili, kwa mama mkwe wangu, Bi Mwanaidi. Huyo huyo anayemwambia mume wangu kila siku kwamba simu imenipumbaza.

Sasa niambieni nyie, huu ni wasiwasi wa bure?

Nikanunua boflo mbili, nikaenda kumsalimia.
Kakaa mkekani anachambua mchele. Simu kaifunika kwa mto, waya wa chaji unachungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Kanitazama juu hadi chini. "Na wewe, lile pipa hulichoki?"