Kitufe cha Mama Nigina

Qobil, fundi umeme wa kiwanda cha matunda makavu hapa mjini Isfara, ana tabia inayotuchekesha sisi wanawake tunaochambua aprikoti. Akimaliza kufunga kitufe cha dharura, kile chekundu kilichovimba kama uyoga, haondoki mpaka mmoja wetu akibonyeze mkanda unaobeba matunda ukiwa unakwenda. Kisha hufungua waya mmoja na kutuonyesha kwamba hata hapo mashine inagoma kuwaka. Anasema kile kifaa cha usalama kilichomo kwenye kabati la umeme kinasikiliza njia mbili kutoka kwenye kitufe. Ikikatika hata moja, kinazima mota, na mota haiwaki tena mpaka mtu aje aiwashe kwa kukusudia. Sisi humwambia sawa, kaka Qobil, tumeelewa, tuachie tufanye kazi.

Mkewe Mavzuna alikuwa akikaa nasi kwenye mkanda huohuo. Nyumba yao na yangu zinagawana ukuta, kwa hiyo mengi nayajua bila kuuliza. Zamani Qobil mwenyewe ndiye aliyekwenda Urusi, akijenga maghorofa, lakini karatasi zake zilikutwa na kasoro, akarudishwa na kupigwa marufuku kuingia kwa miaka kadhaa. Kisha theluji ikaangusha paa lao. Ilibidi mtu aende, na aliyeweza kwenda ni Mavzuna. Alimfuata dada yake kwenye kiwanda cha biskuti, katika mji mmoja mbele ya Moscow.

Watu walimtania Qobil. Mtaa mzima waume wako Urusi na wake wako nyumbani, yeye kageuza. Alijifunza kumsuka binti yao Nigina, na siku za mwanzo mtoto alikuwa akienda shule na kichwa kama kiota.

Walizungumza kwa simu Mavzuna alipopumzika kula mchana. Qobil aliiegemeza simu kwenye birika la chai, akamega mkate wake, naye Mavzuna akala kule. Mara nyingine hawakusema lolote. Mama mkwe wa Mavzuna aliniambia mwanawe alikuwa akila polepole makusudi, ili sauti ya kutafuna ya mkewe isiishe mapema.

Siku moja Mavzuna alipiga simu. Msichana wa Kikirgizi aliyefanya kazi kando yake alikuwa amevutwa glavu na rola ya mkanda. Mavzuna alikibonyeza kitufe chekundu kwa kiganja chote, tena na tena, mkanda ukaendelea kwenda. Aliyeuzima ni mwanamume aliyekimbilia swichi kubwa ukutani. Msichana alichunika vidole, lakini vidole vilibaki.

Qobil alimuuliza kama kabati la umeme hufungwa kwa ufunguo. Halikuwa na ufunguo. Akamwambia alifungue, asiguse chochote ndani, apige picha na kulifunga. Picha ilipofika aliitazama mara moja tu. Kwenye kifaa cha usalama mtu alikuwa ameunga vipande viwili vifupi vya waya wa buluu, kimoja kwa kila njia, hivyo kifaa kikadhani kitufe kiko salama siku zote. Bila shaka mkanda ulikuwa ukisimamasimama ovyo, na fundi wa kule akachoka.

Alimwambia Mavzuna asikae karibu na rola, atampigia kesho. Jioni ile nilikuwa naanua nguo, akanijia ukutani.

"Dada Sabohat," akasema, "nikimwambia aache ule mkanda, nitakuwa nasema kweli au nitakuwa namwita nyumbani?"

Nilimuuliza kwani vyote viwili haviwezi kuwa kweli.

"Nataka arudi kiasi kwamba sijiamini," akasema.

Kesho yake alimwambia bila kuzunguka. Mama mkwe alikuwa amekaa palepale, na ndiye aliyenisimulia.

"Mama Nigina, kitufe chako kimekufa. Wamekiunga ndani ili mkanda usisimame. Ubonyeze mpaka jioni, hakuna kitu."

Mavzuna akamjibu: "Baba Nigina, unasema hivyo ili nirudi."

"Urudi nataka kila siku. Hilo ni langu. Hili ni la waya."

Akamwambia awaonyeshe wenzake ile picha, na asubuhi asikae mtu hata mmoja mpaka kitufe kijaribiwe mbele yao. Mavzuna aliwaonyesha. Asubuhi wanawake wote wakasimama nyuma ya mkanda wamekunja mikono. Msimamizi alifoka, akawaambia wakusanye virago, nafasi zao wapo wanaozitaka.

Habari hiyo ilipofika, Qobil alitoa godoro la pamba la mkewe, akalipiga vumbi, akalianika juani uani. Nigina alizunguka godoro lile akiimba. Siku ile Qobil alinyoa ndevu.

Jioni simu ililia. Kumbe hakuna aliyefukuzwa; waliitwa mafundi wengine. Wakakuta waya wa kitufe umelika ndani ya bomba lake, wakauweka mpya, wakang'oa vile vipande vya buluu. Meneja mwenyewe alikuja kutazama. Wanawake walipoulizwa nani awasemee, walimtaja Mavzuna, naye akapewa usimamizi wa mkanda na mkataba wa mwaka mwingine. Aliyasema yote haya kwa pumzi moja, kisha akasubiri.

"Umefanya vizuri," Qobil akamwambia. "Vizuri sana."

Alipokata simu alikaa uani mpaka mama yake akaja kulikunja godoro.

Siku hizi Mavzuna humpigia asubuhi pia, kabla zamu haijaanza. Nilimkuta Qobil juzi kiwandani, kwenye chumba cha mota zetu ambazo zilikuwa bado hazijawashwa, simu kaibana sikioni, macho kayafumba. Mavzuna alikuwa ameisogeza simu yake karibu na mkanda, akijaribu kitufe chake. Hata mimi niliyesimama mlangoni niliusikia ukinguruma, kisha kifaa kikalia tak, kisha kimya.

"Tena," Qobil akasema.

Sauti ya Mavzuna ikatoka ndogo kwenye simu: "Baba Nigina, watu wananisubiri."

"Najua," akasema. "Mara moja tu."