Nilivyokwenda Kuikagua Kakuma ya Tivii

Kakuma niliijua kwa tivii. Nasema hivyo bila haya, ingawa nimekaa Lodwar tangu mtaa wetu wa Kanamkemer ulipokuwa na miti ya mathenge mingi kuliko watu. Mimi nauza mabati, misumari na mapipa ya maji. Watu wa Kakuma huja dukani kwangu, hununua, hupakia, huenda zao. Sikuona sababu ya kuwafuata. Mwenye duka hafuati mteja.

Halafu ukaja ule mchezo wa kuigiza wa tivii, wa kila jioni. Nchi nzima ikawa inakaa kuitazama Kakuma: malori ya mizigo ya siri, tangi la maji ambalo nyuma yake watu huvizia, na barabara moja ya vumbi jekundu ambayo ukiipita peke yako umejitafutia balaa. Mke wangu alianza kupika mapema ili asikose hata mwanzo. Mimi nilisema ni upuzi mtupu, na kiti changu kilikuwa mbele kuliko vyote.

Basi binti yetu, kitinda mimba, ambaye ni nesi huko huko Kakuma, akaja nyumbani akasema amepata mchumba. Kijana ni mwalimu. Wazazi wake ni watu wa Sudan Kusini, yeye amezaliwa hapo kwenye kambi ya wakimbizi. Watu wake wangekuja Jumamosi kubisha hodi kwangu, kuposa.

Nikasema hapana.

"Kwa nini, baba?"

"Si naona kila jioni wanavyoishi."

"Ule ni mchezo, baba. Kakuma mwenyewe umefika lini?"

"Na wewe unakaa ndani ya ua wa hospitali. Utaona nini?"

Akasema, akikunja leso yake polepole, "Ukiwafukuza Jumamosi hawatarudi. Na mimi sijui kama nitarudi."

Mama yake alitoka nje kama mtu aliyesahau kitu kwenye moto. Moto wenyewe ulikuwa umezimwa.

Shule niliiachia darasa la tatu, sikatai. Lakini hakuna kitu ninachomiliki ambacho sikukishika kwanza kwa mkono wangu. Bati nalipiga kidole nisikie linavyolia. Sasa nimtoe mtoto, au nimnyime mtu mtoto, kwa kusikia? Nikaamua niende Kakuma kabla ya Jumamosi, nione kwa macho, nisimwambie mtu.

Nilipanda lori lililokuwa likienda Lokichoggio. Dereva ni mteja wangu wa zamani, mtu wa maneno.

"Mzee, leo umekuwa mtalii?"

"Endesha gari."

"Wengi wanaenda siku hizi kuona ya tivii. Lakini wewe! Wewe hata kanisani unaenda kuangalia paa."

Nikamwacha acheke. Njia nzima nilikuwa napanga kichwani: kwanza barabara ile nyekundu, pili tangi, tatu nijue watu wa kijana wanakaa upande gani wa mambo hayo.

Nilipoteremka, jambo la kwanza lililonichanganya ni vumbi. Halikuwa jekundu. Lilikuwa jeupe-jeupe kama unga uliomwagika, na lilikuwa lile lile la kwetu Lodwar. Nikadhani nimeshushwa pabaya. Nikamuuliza mama mmoja Mturkana aliyekuwa akiuza makaa, nikamsalimia kwanza kwa lugha yake, ejok, akanijibu ejok-noi. Nikamuuliza ile barabara ya mchezo iko wapi.

Akasema watu wa kamera walikuja kweli. Walimwambia aondoe mbuzi wake njiani. Akaondoa. Baadaye wakamfuata mpaka nyumbani wakamwambia awarudishe, maana njia bila mbuzi haionekani kama Kakuma.

"Kwa hiyo ni hapa?"

"Mbuzi wangu ni wa hapa," akasema. "Barabara sijui waliipeleka wapi."

Nikaenda kwa Msomali mwenye duka la nguo. Yeye akasema, "Mzee, ile ilichezwa Nairobi. Kuna mtu amejenga Kakuma nyingine huko." Mwenye bodaboda aliyekuwa amesimama hapo, Mkongo, akaruka kama amechomwa. "Hapana, muzee! Ni hapa hapa. Mimi nilipita nyuma na pikipiki, bantu bote baliniona!" Wakaanza kubishana juu ya kichwa changu. Msomali akamwambia pikipiki yake haijawahi kupita mbele ya kitu chochote, ndiyo maana walimpitisha nyuma. Mkongo akaniapia kwa Mungu kwamba atanipeleka mpaka kwenye tangi.

Akanipeleka. Lilikuwa tangi. Chini yake akina mama walikuwa wamepanga mitungi yao wakisukana nywele, na nyuma yake hapakuwa na mtu wa kuvizia, palikuwa na kivuli na kuku. Nililizunguka lote. Nikaligonga. Tangi zuri, bati lake zito kuliko ninaloleta mimi. Sikujua nifurahi au nidai nauli yangu.

Pale pale wakaja vijana wa Nairobi na kamera zao. Mmoja akaniambia, "Mzee, simama hapo tu, usisonge. Unakaa kabisa kama yule wa ile shoo."

"Nakaa kama nani?"

"Yule mzee mkimbizi."

Nilimwambia mimi nina nyumba ya mawe Kanamkemer, nimeijenga bila mkopo wa mtu. Akasema, "Sawa, mzee, lakini usicheke," akapiga picha. Sikuwa nacheka. Wale akina mama wa mitungi ndio walicheka, na mimi nikatoka hapo sijui tena nani ametoka kwao kuja kumwangalia nani.

Jua lilikuwa limekaa utosini. Nikaingia kwenye hoteli ndogo ya mabati, ubao na pazia, nikakaa. Mwenyewe alikuwa mama mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa shuka lililofungwa begani. Akaniletea kisra, ile mikate ya Wasudani, myembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia. Nikala kwa mkono. Nilikuwa na njaa, na chakula kilikuwa kizuri. Sikutegemea hivyo.

"Wewe natoka wapi, mzee?" akauliza, akifuta meza iliyo karibu.

"Lodwar."

"Lodwar! Sisi nakuja huko Jumamosi. Mtoto yangu nataka kuoa."

Mkono wangu ukabaki ndani ya bakuli.

"Lakini mimi naogopa," akaendelea. "Kwa tivii, si wewe naona? Wezi yote ya Kakuma nauza vitu kwa tajiri ya Lodwar. Ile tajiri ya tumbo. Yeye ndiye mbaya kushinda wote."

Na kweli. Ndani ya mchezo, mkubwa wa uovu wote alikuwa mfanyabiashara wa Lodwar. Nilikuwa nimemtazama jioni baada ya jioni na haikunipitia akilini kwamba yeye ni mtu wa kwetu. Kusema kweli nilikuwa nikimpenda kidogo, kwa sababu alikuwa na duka.

"Wanasema baba ya msichana nauza misumari," akasema. "Mtu mgumu. Hata msumari mbovu yeye hawezi kukupa bure. Wewe namjua?"

"Namjua kidogo."

"Ni mtu mbaya?"

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo, na nimesimama mbele ya mahakimu kwa ajili ya kiwanja. Wala si hilo lililonitoa jasho. Katika ukoo wetu, baba wa msichana haonji kitu kwa watu wa mchumba kabla wazee hawajakaa na kukubaliana. Haonji hata maji. Akila, amekubali. Hakuna wa kumuuliza tena. Nimewahi kuona mjomba wangu akitembea na kiu mchana kutwa kwa ajili hiyo. Na mimi hapa nilikuwa nimekula nusu ya bakuli, na ningeweza kuapa kwamba nilikuja kupeleleza tu. Je, aliyekula bila kujua amekula? Nilitafuta mzee wa kumuuliza hilo, nikakuta mzee ni mimi.

"Mbona umeacha? Ni mbaya?" akauliza mama.

Ningeweza kusema nimeshiba, nikaweka noti mezani, nikaondoka. Ingekuwa chakula cha kununua. Jumamosi ningewapokea kama mtu asiyewajua, na neno la hapana bado lingekuwa mkononi mwangu. Nilishafikisha mkono mfukoni. Lakini yule mama alikuwa amesimama na kitambaa chake, ananiangalia usoni kama mtu anayengoja matokeo ya hospitali, na nilijua anauliza juu ya mtoto wake, siyo juu ya bamia.

"Yule muuza misumari," nikasema, "ni mimi."

Hakupiga kelele. Alijifunika uso na lile shuka, akarudi nyuma mpaka akapotea nyuma ya pazia la jikoni. Nikasikia sufuria ikianguka. Kisha sauti yake:

"Kwetu mkwe haonekani akikula! Mimi nimekuangalia! Nimekuangalia mpaka mdomo!"

"Na kwetu mkwe hali," nikasema. "Mimi nimekula."

Mteja mmoja aliyekuwa pembeni akachukua chai yake akahamia nje.

"Sasa tumefanya nini?" akauliza kutoka nyuma ya pazia.

"Sijui, mama."

"Wewe ni mzee, utajua!"

"Mimi ni mzee wa mabati. Hili sijui."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, cha kujificha, halafu akakizuia. Akasema kama naona vibaya, anaweza kuja mtu aondoe bakuli, tuseme mimi ni mteja, yeye ni mwenye hoteli, Jumamosi tuonane mara ya kwanza. Alisema hivyo kwa heshima. Alikuwa ananipa mlango wa kutokea.

Niliangalia ile kisra. Nilikuwa nimekuja kuona watu wabaya kwa macho, na nilichoona ni tangi, mbuzi wa kuazima, na mama anayeniogopa mimi. Sikuelewa Kakuma. Hata Lodwar, ambayo nimeijenga kwa mikono, nilianza kutoielewa. Lakini mkono wangu ulikuwa bado na mchuzi, na mchuzi huo haukuwa wa tivii.

"Ongeza," nikasema.

Baadaye mkono mrefu ukapita chini ya pazia, bila uso, ukasukuma bakuli la pili juu ya ubao. Nikageuka kuelekea ukutani ili asinione, nikaanza kula.

"Mkwe," akaita kutoka kule. "Chumvi natosha?"

Sikuwa na adabu nyingine ya kumpa isipokuwa ukweli.

"Imepungua kidogo," nikasema.