Kigelegele Getini

Nina kigugumizi tangu utotoni, na herufi inayonitesa kuliko zote ni K. Basi riziki yangu, kazi ya cherehani, ikaangukia Kariakoo.

Tulipohamia Mapinga, nikawa napanda daladala, kisha naunganisha na basi la mwendokasi kila asubuhi kwenda kazini. Kwenye dirisha la tiketi lazima useme unakokwenda. "Ka... ka... ka..." Foleni inaguna. Siku nyingine niliandika jina la kituo kwenye karatasi, nikaisukuma dirishani kama bubu.

Kadi za nauli zilipokuja, nilinunua yangu siku za mwanzo kabisa. Unaigusisha kwenye mashine, inalia, geti linafunguka, hakuna anayekuuliza neno. Nilifurahi mno. Lakini baada ya miezi kadhaa mke wangu akaniambia, "Siku hizi hata nyumbani unapita kimya." Neno hilo liliniuma, maana lilikuwa kweli.

Asubuhi moja nikamkuta bibi mmoja getini, kajifunga kanga mbili, jina la kanga likiwa bado linang'aa kwa upya. Anaipitisha kadi haraka haraka juu ya mashine kama anayefukuza nzi. Geti halifunguki. Watu nyuma wakaanza, "Bibi, tupishe!" Akageuka, akanitazama mimi niliye karibu.

"Mwanangu, hii naifanyaje?"

Ningeweza kumshika mkono nikamwonyesha tu. Sijui kwa nini nilifungua mdomo.

"Shi... shikamoo, bibi. Ka... ka... ka..."

Kijana mmoja akacheka. Bibi akamkata jicho. "Mwache aseme. Mimi sina haraka." Akanigeukia. "Marahaba, baba. Sema."

Uso ulinichoma, ila nikaendelea. "Ka... kadi usiiondoe upesi. I... itulize hapo. Usubiri ilie."

Akaituliza. Mashine ikalia, geti likafunguka, na yule bibi, akiwa katikati ya kituo kizima, akapiga kigelegele! Si kidogo, kigelegele cha harusi hasa. Mama mmoja kwenye foleni akakipokea, na waliokuwa wakilalamika wakaishia kucheka na kupiga makofi. Mlinzi mwenyewe alikuwa anatabasamu.

Nilipita nyuma yake kifua mbele.

Ndani ya basi alinisogezea nafasi nikae. Alikuwa ametoka Mlingotini alfajiri, anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, aliyekuwa na siku tatu tu duniani. Akaniuliza nyumbani kwetu ni wapi, nashona nini, nina watoto wangapi. Nilimjibu yote. Nilikwama, nikajinasua, nikakwama tena. Naye alisubiri, akiitikia kwa kichwa kana kwamba ndivyo watu wote wanavyozungumza. Nikamweleza hata namna ya kukata gauni la mtoto mchanga lisimbane kwapani, jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu kwa mdomo.

Tulipokaribia kituo changu, bado nilikuwa naongea.