Mama Rimoti na Mwanga Usioonekana

Mama Rimoti alikuwa na meza moja, chuma cha kulehemu, na ulimi usiojua mapumziko. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya baba mkwe wake, na kila aliyeleta rimoti bubu alipewa somo la bure: mawimbi ya redio, ya simu, joto la pasi, mwanga wa jua, hata eksirei ya hospitali, vyote ni ukoo mmoja, tofauti ni urefu wa wimbi tu. Wateja walitikisa vichwa kwa adabu, wakiulizia rimoti zao.

Asubuhi moja baba mkwe mwenyewe aliingia, uso kaukunja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Rimoti uliyonitengenezea juzi haifanyi kazi. Unauzia watu upepo, mwanangu. Leo hii utoe vitu vyako, chumba changu nakitaka."

Chumba kikienda, kazi nayo imekwenda. Lakini alipoipokea ile rimoti, kicheko kilimpanda, akakimeza haraka. Mzee alikuwa ameizungushia utepe mweusi mwili mzima, akaacha vitufe tu.

"Na huu utepe, baba?"

"Isipasuke ikianguka. Mimi natunza vitu."

Sasa utamwambiaje baba mkwe kwamba kakosea? Akawasha kamera ya mbele ya simu yake, akamrudishia mzee rimoti aielekeze kwenye kamera. "Bonyeza, baba, huku ukitazama hapa." Hakuna kilichowaka. Akaubandua utepe wa mbele kwa ukucha. "Bonyeza tena."

Kwenye kioo cha simu kikameta kinuru cha zambarau. Mzee akaitazama rimoti yenyewe: hakuna kitu. Akarudi kwenye simu: kile pale, kinakonyeza!

"Mama yangu! Kumbe inawaka!"

"Siku zote, baba. Macho yetu ndiyo hayauoni mwanga wake, televisheni inauona. Ila utepe uliuziba."

Mzee hakusikia neno la utepe, au alijifanya. Alishabeba boksi la rimoti za wateja, anazijaribu moja moja, anapiga makofi kwa iliyowaka, anaipa pole iliyokufa. Mama Rimoti alicheka mpaka akashika mbavu.

Mteja akabisha hodi. Kabla mwenye karakana hajafungua kinywa, mzee akadakia, macho yangali kwenye simu.

"Karibu, kaa hapo. Fundi yupo."

Hakuwa amewahi kumwita fundi. Mama Rimoti akageukia ukutani, akajifanya anatafuta betri.