Punje ya Sitini

Saa moja kasorobo asubuhi, misa ya kwanza haijaisha, na fundi wa rozari ameshaketi kwenye kigoda chake kando ya lango la kanisa. Mapajani ametandaza kitambaa cheupe ili punje zisimpotee. Koleo dogo liko mkono wa kulia, waya mkono wa kushoto, na midomo inahesabu bila sauti.

Mama mmoja wa kwaya anatoka kabla ya wenzake, ameshika rozari iliyokatika.

"Hamsini na Tisa, yangu imekatika tena."

"Imekatika, au umeikata? Hii si kamba ya mbuzi, mama. Mbinguni hakuvutwi kwa nguvu."

"Wewe tengeneza. Mahubiri nimeshayasikia ndani."

Hamsini na Tisa ndilo jina analojulikana nalo parokia nzima. Rozari kamili ina punje hamsini na tisa: hamsini na tatu za Salamu Maria na sita za Baba Yetu. Kwa miaka arobaini na mmoja fundi huyu alijigamba kwamba hakuna rozari iliyotoka mikononi mwake ikiwa imezidi au imepungua. Kwa siku hutengeneza tatu, nne kazi ikichangamka, na kila moja humpatia bei ya mikate miwili. Kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake wa pekee hadi akawa mwalimu.

Siku hizi hajigambi tena.

Mkewe alifariki miezi saba iliyopita. Rozari aliyosalia maisha yake yote ya ndoa, ya mbao nyeusi, alitengenezewa na fundi mwenyewe wakati wa uchumba wao.

"Nilikuwa kijana, nina haraka ya kumwonyesha kazi yangu," anakumbuka. "Niliimaliza kwa jioni moja."

Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni, mkewe alipiga magoti mbele ya sanamu ndogo ya Bikira Maria, iliyomeguka pua, juu ya kabati la vyombo. Binti alikuwa pembeni yake. Fundi alibaki barazani na koleo lake. Akiitwa, alikuwa na jibu moja tu: "Mimi nazishika tangu asubuhi. Mama Maria ananijua kwa vidole."

Mkewe hakugombana naye. Aliigeukia sanamu na kusema, "Mama mwenzangu, umemsikia mwenyewe," kisha akaendelea na sala.

"Nilidhani ni mzaha mzuri," anasema fundi. "Niliurudia miaka thelathini na saba."

Miezi miwili baada ya maziko, binti aliomba rozari ya mama yake ibadilishwe waya, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umelika. Fundi akaifungua, akazipanga punje kwenye kitambaa. Fungu la tatu, badala ya punje kumi za Salamu Maria, lilikuwa na kumi na moja. Akahesabu upya, kuanzia msalabani. Jumla yake ilikuwa sitini.

"Niliona aibu kama mtu aliyefumaniwa anaiba. Rozari ya mke wangu mwenyewe, na ndiyo niliyoikosea! Nikaitoa ile ya ziada, nikaitupa kwenye kopo, nikafunga waya. Sikumwambia mtu."

Kopo hilo, lililokuwa la maziwa ya unga, lina punje kuukuu za rozari zilizoharibika. Ni kama elfu tatu, nyingi za mbao ile ile nyeusi, zote zimelainishwa na vidole vya watu.

Jioni ile binti alipiga magoti mahali pa mama yake, akaanza kusali. Alipomaliza fungu la tatu akaigeuzageuza rozari vidoleni.

"Baba, ya kumi na moja iko wapi?"

"Lilikuwa kosa langu. Nimesharekebisha."

Binti akakaa sakafuni.

"Hiyo ilikuwa yako, baba. Mama alisali kumi kama watu wote, halafu akifika hiyo anasema, 'Hii ni ya yule wa barazani.' Kila siku, baba."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema ukijua tu, utaitoa."

Akifika hapo katika kusimulia, fundi anainama. Anaokota punje iliyobingirika hadi kwenye kiatu chake, anaifuta, anairudisha kitambaani.

Walilimwaga kopo lote kwenye mkeka, wakatafuta hadi binti alipoanza kulia. Fundi, aliyejisifu kwamba anaijua kila punje iliyopita mkononi mwake, hakuweza kuitambua ile moja. Paroko alimshauri achukue yoyote, kwani Mama Maria hatazami mbao.

"Nikamwambia, Padri, Mama Maria hatazami, lakini mke wangu atatazama."

Sasa rozari ile imening'inia kwenye msumari kando ya kabati, waya ukiwa wazi katika fungu la tatu. Kila jioni, saa ile ile, fundi anaacha koleo barazani na kuingia ndani. Anapiga magoti kwa taabu, kwa sababu goti la kushoto limechoka. Anachota punje kumi kutoka kwenye kopo, anasali Salamu Maria moja kwa kila punje, na akimaliza anaihamishia kwenye bakuli. Kwa hesabu yake, kopo limefika nusu.

Anatumaini kulimaliza mke wake atakapokaribia kutimiza mwaka tangu afariki. Punje itakayobaki ya mwisho ataivisha kwenye waya, afunge, ampe binti yake rozari yenye punje sitini.

"Huenda nimeshaigusa, huenda bado. Nikiigusa sitajua," anasema, akikunja kitambaa chake. "Kwa hiyo inabidi nisali zote vizuri."