Mstari wa Mudathiru

Mudathiru, fundi wa nguo, alikuwa na hakika ya kushinda kuliko alivyokuwa na hakika ya jina lake mwenyewe. Mwezi mzima baraza lake pale Kamembe, mji wetu wa mpakani kando ya ziwa, lilijaa wanaume waliokunywa chai yake na kumwapia kwamba kura zao ni zake. Mwaka ule wa tisini na tisa kiongozi wa selire, yaani mtaa wetu mdogo, alichaguliwa kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, mchana kweupe, na mgombea mwenyewe alikatazwa kugeuka. Kupanga mstari hakukutupa shida. Miaka ya vita ilikuwa imetufundisha vizuri, kwa unga na mafuta ya msaada.

Mpinzani wake alikuwa Kamali mchinjaji, tena shemeji yake, kaka wa mkewe Feza. Uchaguzi huo ulitutia sote wazimu. Watu wa Kamali waliapa hawatapeleka nguo kwa Mudathiru, wakawa wanatembea na suruali zilizopasuka matakoni, mkono mmoja nyuma, wamejaa heshima zao. Watu wa Mudathiru nao waligomea nyama, wakala maharage mpaka mikutano yao ikawa haikaliki. Habineza, mpiga debe mkuu wa fundi, ndiye aliyeyasifu maharage kuliko wote, ingawa siku moja alionekana nyuma ya bucha akichokonoa meno.

Feza alikuwa na ile sauti inayoitwa kwenye kila harusi, na sauti hiyo alimpa kaka yake. Asubuhi alimpikia uji mumewe na binti yao Zuhura, mchana aliimba mbele ya bucha. "Kamali ni kaka yangu, miye nifanye nini?" alisema. Mudathiru aliumia kuliko alivyoonyesha. Uongozi aliutaka, ndiyo, lakini zaidi alitaka mkewe amwone kuwa naye ni mtu wa kuchaguliwa.

Siku chache kabla ya kura ikaingia Idd ya kuchinja. Kamali akaangusha fahali, akagawa nyama mtaa mzima, Waislamu na Wakristo, bila kuuliza nani ni wa nani. Jioni ile baraza la fundi lilikuwa tupu. Mudathiru akajiambia kwamba jamaa zake wamezama kwenye ibada.

Siku yenyewe wagombea walisimamishwa kwenye uwanja wa shule, migongo kwa watu, macho Bukavu ng'ambo ya ziwa. Mudathiru alivaa koti jipya alilojishonea. Afisa wa uchaguzi akapuliza filimbi, matope yakaanza kuruka. Fundi akatega masikio. Alisikia kikohozi cha Habineza kikimpita, kikaenda upande wa Kamali, kikatulia huko. Labda amekosea njia, akawaza. Huko huko Feza alikuwa akiimba na umati ukimwitikia. Nyuma ya Mudathiru palikuwa na upepo tu. Jasho likamtoka.

Mara wimbo ukakatika katikati. Umati uliitikia mara moja bila mwimbaji, ukanyamaza. Ndala zikaja mbio kwenye matope, zikasimama nyuma ya fundi.

"Nani?"

"Ni miye. Usigeuke, batakutoa."

"Feza! Unafanya nini huku?"

"Nasimama. Nyoosha mabega, Papa Zuhura, koti inapanda."

Akauliza kama kuna watu wengine. "Nyuma yako beko bantu?"

Feza akageuka, akautazama uwanja. "Beko mingi. Mustari inafika kule ku bomba."

"Na Habineza?"

"Eko anasukumana na benzake."

Mudathiru akanyoosha mabega, akainua kidevu, akaanza kupanga hotuba kichwani. Afisa alihesabu mstari wa Kamali mpaka sauti ikamkauka, wala fundi hakushtuka, maana wake ulifika bombani. Alikuwa kwenye shukrani kwa wazee wa msikiti afisa aliposogea upande wake.

"Mmoja," afisa akasema.

Mudathiru akangoja wa pili. Hakuja. Akageuka, akamwona Feza na miguu yake ya matope, na nyuma ya Feza uwanja mtupu na mbuzi wa watu. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Ulisema beko mingi!"

"Niliona unatetemeka, sauti ikanikatikia," Feza akasema. "Ungetaka nikwambie nini?"

Afisa, akijizuia kucheka, akasema aliyeshindwa naye ana haki ya kusema neno. Mudathiru akanyoosha koti, akakohoa, akamgeukia mkewe. "Nawashukuru wote mlionichagua," akaanza, akaisoma hotuba nzima kutoka kichwani akimtazama yeye tu. Akamwahidi barabara, akamwahidi shule, akamwahidi maji hadi mlangoni, na kila ahadi Feza akaipigia kigelegele.